Baba au Dada? Ubongo Unavyosoma Nyuso na Herufi

    Mazungumzo ya leo yanaanzia Ulemo, wilayani Iramba, mkoani Singida, na kutoka hapo yanaingia mahali ambapo hata bodaboda haifiki, yaani ndani ya kichwa cha binadamu. Swali letu ni moja. Mtu anapomwona mwenzake akamtambua, na anapoona neno kwenye karatasi akalisoma, ubongo unafanya nini? Je, hizo ni kazi mbili zisizojuana, au ni ndugu?

Jibu fupi: zinaishi nyumba moja, nyuso zikiwa mwenye nyumba na herufi zikiwa mpangaji aliyehamia juzi. Jibu refu ndilo litakalotuchukulia muda wetu wa leo.

Tuanze na mwenye nyumba.

Chukulia siku ya gulio pale Ulemo. Mama mmoja amekaa nyuma ya mafungu yake ya vitunguu, gunia la alizeti pembeni. Watu wanapita mfululizo, vumbi linatimka, wengine wamejifunika kanga hadi puani. Upande wa pili wa barabara anapita mzee, anaonekana ubavu tu, kofia imemshuka hadi kwenye nyusi. Mama anainua kichwa: "Shikamoo babu! Mguu umepona?" Hawajaonana tangu mavuno ya mwaka jana. Amemjuaje? Ukimwomba akueleze pua ya yule mzee ikoje, au macho yake yameachana kiasi gani, atakucheka. Hajui, na wala hana haja ya kujua. Alimwona babu, basi.

Ndivyo ubongo unavyofanya. Haukagui pua, kisha mdomo, kisha kidevu. Unauchukua uso mzima kwa mkupuo, pamoja na mpangilio wake. Msikilizaji anaweza kulithibitisha hilo leo usiku bila kutoa hata senti. Atafute picha ya harusi, ile yenye watu wengi, aigeuze juu chini, kisha amwombe mtoto wa nyumbani awataje waliomo. Atababaika hata kwa watu anaokula nao kila siku. Nyumba ikigeuzwa kwenye picha bado inatambulika kwa urahisi. Uso ukigeuzwa, mwenyewe anapotea. Robert Yin, mtafiti wa Marekani, alilipima jambo hilo mwaka 1969. Mwaka 1980 Peter Thompson wa Chuo Kikuu cha York, Uingereza, alifanya kituko zaidi: alichukua picha ya Margaret Thatcher, akayakata macho na mdomo akayabandika kinyume, halafu akaigeuza picha nzima juu chini. Ikitazamwa hivyo, inaonekana ni mama anayetabasamu. Ikisimamishwa sawasawa, ni sura ya kutisha. Macho yalikuwa yamebandikwa vibaya muda wote, ila ubongo haukuwa na habari.

Kazi hiyo ina mahali pake. Mwaka 1997 Nancy Kanwisher na wenzake, kwa kutumia mashine inayopiga picha za ubongo ukiwa kazini, walieleza sehemu ndogo iliyo chini ya ubongo, upande wa nyuma, na kwa watu wengi ina nguvu zaidi upande wa kulia. Ukigusa nyuma ya sikio lako la kulia, ni huko huko, ndani. Sehemu hiyo huchangamka mtu akiona nyuso kuliko akiona viatu, nyumba au mikono. Na hamu ya kutazama nyuso inaanza mapema mno. Mtoto mchanga ambaye hata siku moja hajaimaliza hugeuza macho kufuata ubao uliochorwa mfano wa uso, kuliko ubao wenye alama zilezile zilizovurugwa.

Sasa, ikitokea sehemu hiyo ikadhurika? Mwaka 1947 daktari wa Kijerumani, Joachim Bodamer, aliandika habari za wanajeshi waliojeruhiwa kichwani vitani. Mmoja wao aliona vizuri kabisa. Aliona macho, pua na mdomo, na alijua kwamba ule ni uso. Lakini ni uso wa nani? Hakuweza kusema, hata alipojitazama kwenye kioo. Wapo pia watu wanaozaliwa hivyo bila kuumia popote. Hao hujifunza kuwatambua wenzao kwa sauti, kwa mwendo, kwa shati. Kijijini mtu wa namna hiyo huitwa mwenye maringo, eti anapita bila kusalimia. Huenda kila kata inaye, na huenda hata yeye mwenyewe hajajua kwamba wenzake wanaona kitu asichokiona.

Wafugaji wa Iramba, hapa tegeni sikio. Mwaka 1993 watafiti wawili wa Uingereza, McNeil na Warrington, walichapisha habari za bwana mmoja waliyemtaja kwa herufi mbili tu, W.J. Alipata kiharusi, akapoteza uwezo wa kutambua nyuso za watu, hata za watu mashuhuri aliowajua miaka yote. Baadaye akaanza kufuga kondoo. Akawajua! Alipoonyeshwa picha za kondoo ambazo alikwisha kuziona na nyingine mpya, alizitenganisha vizuri kuliko alivyoweza kwa picha za binadamu. Binadamu wote kwake walikuwa wamoja, ila kondoo kila mmoja alikuwa na sura yake. Kondoo nao hawako nyuma. Keith Kendrick na wenzake walionyesha mwaka 2001, huko Uingereza, kwamba kondoo anaweza kukumbuka nyuso 50 za kondoo wenzake kwa zaidi ya miaka miwili. Mchungaji wa Singida anayesema kwamba anamjua kila mnyama wake kwa sura hatii chumvi, na kama mnyama angesema vivyo hivyo juu ya wenzake, asingekuwa anatia chumvi pia.

Mpaka hapo tumesema nini? Tumesema kwamba uso husomwa kwa mkupuo. Tumesema kazi hiyo ina mahali pake kwenye ubongo, nyuma huko na chini. Na tumesema mtu anaweza kuipoteza huku macho yake ni mazima. Tuyashike hayo matatu, tutayahitaji.

Kabla ya kufika kwenye herufi, tupitie kidogo kwenye pochi. Mtu ambaye hajawahi kukaa darasani hadanganyiki kirahisi na noti. Ya elfu kumi ina tembo na wekundu wake, na vijana wa mjini wameibatiza msimbazi. Ya elfu tano ina kifaru, ya elfu mbili ina simba, na ya elfu moja ina Mwalimu Nyerere. Tarakimu zipo, lakini si lazima. Wenye kuandaa uchaguzi nao waliligundua hilo zamani. Mwaka 1965, katika uchaguzi wa kwanza wa chama kimoja, wagombea ubunge walipewa alama mbili, mmoja jembe na mwingine nyumba, ili asiyejua kusoma apige kura yake bila kuomba msaada. Siku hizi karatasi ya kura ina picha ya mgombea pamoja na nembo ya chama chake. Uso unafanya kazi ambayo jina peke yake lisingeimudu kwa kila mpiga kura.

Haya, sasa mpangaji. Maandishi yana umri gani? Takribani miaka 5,000 tangu watu wa Mesopotamia na Misri waanze kuandika, na kwa muda mwingi wa miaka hiyo waliojua kusoma walikuwa wachache mno. Kwa binadamu hiyo ni jana. Mwili haupati kiungo kipya kwa muda mfupi hivyo. Hakuna mtoto anayezaliwa na sehemu ya ubongo iliyotengwa kwa ajili ya herufi b. Na bado, ajabu ni kwamba kila msomaji anayo sehemu ya kusomea, na kwa kawaida iko mahali palepale kwa wote, awe anasoma Kiswahili, Kiarabu au Kichina.

Kidokezo cha kwanza kilitoka Paris, Ufaransa, mwaka 1887. Mfanyabiashara mmoja mstaafu alijikuta ghafla hawezi kusoma. Alizungumza vizuri. Aliona vizuri, na tarakimu alizitambua. Na aliweza kuandika! Aliandika barua, akaikunja. Akipewa barua ileile baada ya muda, ilikuwa kwake michoro mitupu. Alichoweza ni kufuatisha herufi kwa kidole hewani, na mkono ukamwambia jicho ile ni herufi gani. Alipofariki mwaka 1892, daktari Joseph Jules Dejerine aliufungua ubongo wake, akakuta madhara upande wa kushoto, nyuma. Yule mzee wa Paris na yule mwanajeshi wa Bodamer wanafanana, sivyo? Mmoja anaona uso asijue ni wa nani, mwingine anaona neno asijue linasema nini.

Leo sehemu hiyo ya maneno inajulikana. Iko chini ya ubongo, nyuma, upande wa kushoto, jirani kabisa na sehemu zinazoshughulikia nyuso na vitu. Stanislas Dehaene wa Ufaransa ndiye aliyeitangaza sana hoja ya kwamba kusoma hakuna chumba chake cha asili; kunapangishwa katika chumba ambacho tayari kilikuwa kinatumika kutambua sura na maumbo. Mwaka 2010 yeye na wenzake walitoa matokeo ya uchunguzi wa watu wazima 63 wa Brazil na Ureno. Wapo waliosoma tangu utotoni, wapo ambao hawakuwahi kusoma, na wapo waliojifunza ukubwani. Kadiri mtu alivyosoma kwa wepesi, ndivyo sehemu ile ya kushoto ilivyochangamkia maandishi. Na hao waliojifunza ukubwani? Nao vilevile. Ubongo wa mtu mzima ulikuwa umejipanga upya.

Hilo la watu wazima lirudiwe, kwa sababu lina historia yake hapa kwetu. Usiku wa kuamkia mwaka 1970, Mwalimu Nyerere alizungumza na taifa kwa redio akautangaza mwaka uliokuwa unaingia kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Madarasa ya kisomo yakaenea vijijini, chini ya miembe, makanisani, kwenye ofisi za chama. Mwaka 1973 ikafuata kampeni ya redio ya Mtu ni Afya, ambapo takribani watu milioni 2 walikaa katika vikundi, redio katikati, anayejua kusoma akiwasomea wenzake kijitabu. Kufikia mwaka 1975 waliojiandikisha kwenye kisomo walizidi milioni 5. Babu na bibi wengi wa Iramba waliandika jina lao kwa mara ya kwanza enzi hizo, wakaacha kutia dole gumba. Walikuwa wakitaniwa na watoto wao, kwamba mti mkavu haukunjiki. Picha za ubongo za mwaka 2010 zinasema mti ulikunjika.

Lakini mpangaji akiingia, mwenye nyumba hubanwa? Hapo wataalamu hawakukubaliana. Uchunguzi wa mwaka 2010 ulionyesha kwamba kwa wasomaji, upande wa kushoto ulipunguza kidogo mwitikio wake kwa nyuso, kana kwamba nyuso zimesogezwa upande wa kulia. Mtu angeweza kudhani kwamba kusoma kunaharibu kumbukumbu ya nyuso! Mwaka 2019 kikundi kingine, akiwamo Falk Huettig, kikatoa matokeo kutoka vijiji vya kaskazini mwa India, ambako wapo watu wazima wengi ambao hawakupata nafasi ya kwenda shule. Huko hawakuona nyuso zikinyang'anywa chochote. Kusoma kulijengwa juu ya kilichokuwapo, bila kubomoa. Matokeo ya India yanastahili uzito zaidi kwa masikio ya Ulemo, kwa sababu moja rahisi: watu waliopimwa ni wanakijiji ambao hawakwenda shule kwa kukosa nafasi tu, na ndivyo ilivyokuwa kwa wazee wengi wa hapa. Yule mama wa vitunguu akijiunga na kisomo kesho, hatamsahau babu.

Tufike sasa darasa la kwanza, mahali ambapo mambo haya huleta machozi.

Mtoto ana miaka saba. Nyumbani wanazungumza Kinyiramba. Shuleni anakutana na Kiswahili, tena kilichoandikwa. Mwalimu ameandika ubaoni neno moja, "baba". Mtoto anasoma kwa sauti kubwa, kwa kujiamini kabisa: "Dada!" Darasa linaangua kicheko. Je, mtoto huyu ni mzito? Ni mtukutu? Hasikilizi?

Tazameni herufi hizo mbili. Ni kijiti kimoja na duara moja. Duara likiwa kulia kwa kijiti ni b, likiwa kushoto ni d. Tofauti yote ni upande. Na ubongo wa mtoto, tangu azaliwe, umefundishwa na dunia kwamba upande si hoja. Ng'ombe akitazama kushoto au akitazama kulia ni ng'ombe yuleyule, na uso wa mama ni wa mama popote unapogeukia. Kwa anayechunga mifugo huo ni ujuzi, tena wa kumwokoa: chui ni chui hata akitokea upande gani. Kisha mtoto anaingia darasani anaambiwa kwamba, kwa herufi hizi tu, upande ndio kila kitu. Mpangaji amekuja na masharti ambayo nyumba haikuyajua. Hata watu wazima wasiojua kusoma, walipopimwa, walipata shida kusema kwamba mchoro na mwenzake uliogeuzwa kama kwenye kioo ni tofauti. Kujifunza kusoma ndiko kunakofuta tabia hiyo ya kale.

Kwa hiyo mtoto anayesoma "dada" mahali pa "baba" hajashindwa kuona. Ameona kama anavyoona kila kitu kingine duniani. Wengi huacha wenyewe baada ya mwaka mmoja au miwili ya mazoezi. Kumchapa kwa kosa hilo ni kumchapa kwa sababu ubongo wake unafanya kazi vizuri, na hapa mazungumzo haya hayana haja ya kupakapaka mafuta: fimbo hiyo haina utetezi.

Kinachosaidia ni nini? Mkono. Mwaka 2012 Karin James na Laura Engelhardt, huko Marekani, waliwafundisha herufi watoto ambao hawajajua kusoma. Wengine waliandika wenyewe kwa mkono, wengine walifuatisha mistari ya nukta, wengine walibonyeza vitufe. Baadaye walipotazama herufi hizo, ni waliokuwa wameandika wenyewe ambao sehemu zao za kusomea zilichangamka zaidi. Bila shaka mnamkumbuka mzee wa Paris na kidole chake hewani. Shule yenye madaftari machache na watoto wengi bado ina uwanja wa vumbi na vijiti. Mtoto achore b kubwa ardhini, aanze na kijiti kutoka juu kwenda chini, kisha duara. Siku nyingine achore d, aanze na duara. Mkono unaanza mahali tofauti, na ubongo unapata pa kushika. Wilaya ya Iramba ina Chuo chake cha Ualimu, Kinampanda, kwa hiyo walimu wapya hawako mbali kusikia ushauri huu.

Na mabadiliko huja upesi. Mwaka 2018 Dehaene-Lambertz na wenzake walitoa habari za watoto 10 waliopigwa picha za ubongo mara kwa mara katika mwaka wao wa kwanza wa shule. Miezi michache tu ya masomo ilitosha kuonyesha sehemu ya maneno ikianza kazi, bila kuzibomoa sehemu za nyuso zilizokuwa zimekwisha kukaa. Hata macho si lazima. Wasioona wanaosoma nukta nundu kwa ncha za vidole, kama wanafunzi wa shule ya Buigiri, Dodoma, huitumia sehemu hiyohiyo ya ubongo ambayo msomaji mwingine anaitumia kwa macho.

Msomaji aliyekomaa naye huchukua neno kwa mkupuo, kama uso? Karibu hivyo, ila si kikamilifu. Macho hayatiririki juu ya mstari. Louis-Émile Javal wa Ufaransa alikwisha kueleza mwaka 1879 kwamba yanarukaruka; yanasimama kama robo ya sekunde, yanaruka tena. Katika kila kituo herufi kadhaa huchukuliwa pamoja. Wapo wanaosambaza ujumbe kwenye simu kwamba herufi za katikati zinaweza kuvurugwa ovyo na mtu akasoma tu. Wajaribu Kiswahili! "Hatukuwaona" na "hawakutuona" yana herufi zilezile, idadi ileile, mwanzo na mwisho uleule. Anayesoma taarifa ya kituo cha polisi akichanganya hayo mawili amewageuza walioviziwa kuwa waviziaji. Ubongo wa msomaji wa Kiswahili hauna ruhusa ya kuvipuuza vile vipande vya katikati, "tu" na "wa", na huvipanga upesi kiasi kwamba mwenyewe hahisi kazi yoyote.

Tumalizie na jambo lililoulizwa na wengi: kwa nini uso unakuja, jina linakataa? Mtu umemwona, umejua kwamba ni fundi baiskeli, kwamba mlisali naye Pasaka, kwamba kaka yake yuko Kiomboi. Jina? Limegoma. Mwaka 1986 Vicki Bruce na Andy Young wa Uingereza walieleza kwamba utambuzi huo una hatua: kwanza uso unajulikana kuwa wa mtu unayemfahamu, kisha habari zake zinakuja, jina ni la mwisho kabisa. Kazi ya mtu imefungamana na mambo mengi, baiskeli, mafuta, spana; jina halijafungamana na chochote. Desturi yetu imelipatia njia ya mkato. Mama Neema anajulikana kwa mwanawe, na mzee yeyote anaitikia "babu" bila kinyongo, hivyo aliyesahau jina la mtu Ulemo anaweza kumsalimia vizuri kabisa, akazungumza naye robo saa, na aibu isimpate.

Muda wetu umekwisha. Juma lijalo, saa kama hii, zamu ni ya masikio: namna mtu anavyomtambua aliyempigia simu kwa neno moja la "haloo", hata kama namba ni ngeni.